Mrija wa Nateete: Jinsi Elimu ya Sayansi Ilivyofikishwa kwa Watu wa Uganda

Utangulizi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitaja mara nyingi madarasani, nasi huwafundisha wanafunzi kwamba yaeleza heri iletwayo na mgeni nyumbani. Lakini methali haisemi ni kwa njia gani mwenyeji hupona. Mgeni aweza kuja na dawa katika mkoba wake, na mwenyeji akafa kwa kuiogopa. Aweza pia kuja na elimu ya kweli, akaieleza kwa maneno ambayo mwenyeji hayaelewi, kisha akaondoka nayo vile vile kama alivyokuja.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa mifano minne kutoka historia ya Uganda na mmoja kutoka pwani, jinsi elimu ya sayansi ilivyofikishwa kwa watu wa kawaida. Dai letu ni moja. Elimu hiyo ilipokewa pale ambapo wenye kuileta walianza kwa kuchunguza watu wanajua nini tayari, wanakiitaje kitu, na wanaogopa nini. Ilikataliwa, au ilileta madhara, pale ambapo uchunguzi ulifanywa juu ya wadudu na damu peke yake, nao watu wakaachwa nje ya uchunguzi. Jambo hili lawahusu walimu wa lugha kuliko wanavyodhani, kwa maana daraja la kwanza kati ya mtaalamu na mwananchi ni neno.

Kisima cha Nateete

Nateete leo ni mtaa wenye shughuli nyingi magharibi ya jiji la Kampala, katika tarafa ya Lubaga, kando ya barabara iendayo Masaka. Katika miaka ya 1870 palikuwa kijiji kisicho mbali na makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, na hapo ndipo wamisheni wa Church Missionary Society walipopewa ardhi ya kujenga kituo chao. Mmoja wao alikuwa Alexander Mackay, mhandisi mzaliwa wa Uskoti mwaka 1849. Mackay alifika Unguja mwaka 1876, na mwaka uliofuata akasimamia kazi ya kufyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Katika miaka hiyo alijifunza Kiswahili. Alipowasili Buganda mwezi wa Novemba 1878, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mazungumzo yake na Kabaka, kwa kuwa Mutesa alikwisha kujifunza lugha hiyo kwa wafanyabiashara wa pwani.

Huko Nateete Mackay alikuwa na tanuri la mhunzi, jiwe la kunolea lenye gurudumu, na mtambo mdogo wa kupigia chapa. Watu walikuja kutazama. Jambo lililowashangaza kupita yote lilikuwa kisima. Wenyeji walizoea kuchota maji mabondeni, katika chemchemi na vijito, wala hawakusadiki kwamba maji yaweza kupatikana kwa kuchimba kilimani. Mackay akachimba kiasi cha futi 16 akayapata. Kisha akasimamisha pampu, na maji yakapanda juu yakabubujika mbele ya macho ya watu. Umati ukapiga kelele ukisema kwamba Mackay ni lubaale, yaani mmoja wa wale wenye nguvu za kiroho walioheshimiwa katika dini ya Buganda.

Kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe, Mackay alikataa sifa hiyo akasema kwamba yeye ni mtu kama wao. Kisha kila kundi lililokuja alilieleza jinsi pampu ifanyavyo kazi, naye akachukua mfano wake katika kitu ambacho kila mtu mzima wa Buganda alikifahamu: mrija wa kunywea pombe ya ndizi. Pampu, alieleza, si kitu kingine ila ni mrija ulioongezwa pistoni. Baadhi yao wakaelewa, na wote wakafurahi kuona kwamba jambo lenyewe ni jepesi kiasi kile.

Ingefaa tutue hapa kidogo, kwa maana tendo hilo dogo lina mambo matatu ndani yake. La kwanza, mtaalamu alikataa kuabudiwa. Laiti angalikubali kuitwa lubaale, pampu ingalikuwa mwujiza, na mwujiza haujifunziki. Mtu huushangilia akaenda zake. La pili, hakutafuta mfano wake Uskoti bali aliutafuta katika kibuyu cha wenyeji. La tatu, mfano wenyewe ulikuwa wa kweli. Mtu anyonyapo kwa mrija huipunguza hewa iliyomo ndani yake, na uzito wa hewa ya nje ukakisukuma kinywaji kupanda. Pistoni inapovutwa juu hufanya kazi ile ile ya kinywa. Tena mfano huo wampa mwanafunzi njia ya kuuliza zaidi: je, mrija mrefu sana utanyonya? Jibu ni kwamba hautanyonya maji kupita kiasi cha mita 10, hata kinywa kiwe na nguvu namna gani, kwa sababu uzito wa hewa hauwezi kusukuma maji juu zaidi ya hapo. Mfano ulio mzuri humwachia msikilizaji swali la kesho.

Hatusemi haya ili kumtukuza Mackay. Alikuja kueneza dini, naye hakuficha dharau yake kwa waganga wa lubaale. Mwaka 1887 alifukuzwa Buganda, na mwezi wa Februari 1890 akafa kwa homa huko Usambiro, kusini ya ziwa. Lakini siku ile ya kisima alifanya jambo ambalo wataalamu wengi waliomfuata, wenye vyombo vingi kuliko yeye, walilisahau.

Malale na nzi wa Katikiro

Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, iliyo karibu na Nateete, waliona wagonjwa wa kwanza wa maradhi ambayo hapo awali hawakuyaona nchini. Mgonjwa alikonda, akasinzia mchana, akashindwa kula, hatimaye akafa. Waganda waliyaita mongota, kwa sababu ya kule kusinzia kwa kichwa. Nasi katika Kiswahili twayaita malale, kutoka katika kulala. Maradhi hayo yalienea upesi katika Busoga, pwani ya ziwa, na visiwani. Kabla ya muongo wa kwanza wa karne kwisha, watu zaidi ya 200,000 walikadiriwa kuwa wamekufa.

Royal Society ya London ilipeleka tume ya wachunguzi mwaka 1902. Wengine walidhani kisa chake ni minyoo ya damu, wengine bakteria. Aldo Castellani aliona vijidudu viitwavyo tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 akaja David Bruce, ambaye kwanza alikwisha kuchunguza maradhi ya ng'ombe yaletwayo na mbung'o huko Afrika ya Kusini. Bruce alishuku kwamba malale nayo huletwa na mbung'o. Lakini watu wachache wa maabara wangewezaje kujua mbung'o wako wapi katika nchi nzima?

Hapo ndipo palipotendeka jambo ambalo vitabu vingi hulipitia kwa mstari mmoja. Bruce alimwendea Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, naye Kagwa akawaarifu machifu. Kutoka kila upande watu wakakusanya nzi, wakawatia katika vifurushi, wakaandika mahali walipokamatwa na kama maradhi yapo hapo au hayapo, wakavipeleka kwa wachunguzi huko Entebbe. Wamisheni nao wakafanya hivyo. Vifurushi vilipofunguliwa, kila mahali pakatiwa alama katika ramani: ramani moja ya nzi, nyingine ya wagonjwa. Ramani hizo mbili zikafanana. Palipokuwa na kivu, yaani mbung'o kwa Luganda, ndipo palipokuwa na malale. Pasipokuwa na kivu maradhi hayakuenea.

Basi ushahidi mmojawapo mkubwa katika historia ya tiba ya Afrika uliletwa kwa mikono ya wanakijiji. Hao hawakuwa wasikilizaji wa sayansi tu, walikuwa watendaji wake. Walijua jina la nzi, walijua makazi yake katika vichaka vilivyo ukingoni mwa maji, na walikuwa na utaratibu wa utawala ulioweza kufikisha swali hadi kijiji cha mwisho na kurudisha jibu. Lakini sifa ya ugunduzi ilipotolewa, ilikwenda kwa wageni peke yao.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna nyingine. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondoke pwani ya ziwa, na katika mwaka 1908 na 1909 visiwa vya Ssese vikahamwa. Yamkini amri hiyo iliokoa maisha, maana nzi asiye na mtu wa kumwuma hawezi kumwambukiza mtu. Lakini ilitolewa kama amri wala si kama maelezo, na wavuvi wakapoteza mashamba, makaburi ya wazee wao, na riziki yao ya majini. Wengi hawakuweza kurudi Ssese mpaka karibu na mwaka 1920.

Huko Ssese vile vile, katika mwaka 1906 na 1907, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili. Wagonjwa wengi walimiminika kwake kwa matumaini, na mwanzoni wengine walionekana kupata nafuu. Kisha kipimo kikaongezwa, na baadhi yao wakapofuka. Mtu aliyekwenda kutafuta uzima akarudi akiongozwa kwa fimbo. Tusistaajabu basi ikiwa sindano ya daktari ilianza kusimuliwa kwa hofu.

Uvumi wa damu na maziwa yaliyogeuka dawa

Hofu hiyo ilipata jina. Kati ya miaka ya 1920 na 1950 ulienea katika Kampala, kama katika Nairobi, uvumi kwamba wako watu wakamatao wenzao usiku ili kuwatoa damu. Waliitwa bazimamoto, nalo ni neno letu la Kiswahili wazimamoto lililovikwa kiambishi cha Kiganda. Pwani watu walisimulia habari za mumiani. Wataalamu wa siku hizo walicheka, wakasema ni ujinga. Lakini uvumi wa namna hii ni swali lililokosa mtu wa kulijibu: damu yangu inachukuliwa kwa nini, inapelekwa wapi, na nani atanufaika nayo? Swali hilo lilikuwa la haki.

Lilikuja kuulizwa kwa sauti kubwa katika hospitali ya Mulago. Tangu miaka ya 1930 Dakta Hugh Trowell alikuwa akichunguza watoto waliovimba miguu na nyuso, ngozi zikibabuka, nywele zikibadilika rangi kuwa nyekundu. Kwanza alidhani ni aina ya ugonjwa wa pelagra. Katika nchi iitwayo leo Ghana, Dakta Cicely Williams alikwisha kuandika juu ya ugonjwa huo, na mwaka 1935 aliutangaza kwa jina alilolipata kwa wenyeji, kwashiorkor, neno la lugha ya Ga lenye kumtaja mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa la mama kwa ajili ya mdogo wake. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kusema kisa cha ugonjwa: mtoto ameacha maziwa, naye hakupewa chakula cha kuyafidia.

Waganda nao walikuwa na jina, obwosi, nao waliamini kwamba mtoto hudhurika mama yake achukuapo mimba nyingine upesi. Wasomaji wa pwani watakumbuka mara moja imani iliyomo katika neno letu kubemenda. Yeyote atakayeyatazama maneno haya matatu, la Ga, la Kiganda na la Kiswahili, ataona kwamba wazazi wa sehemu tatu za Afrika walikuwa wamechunguza jambo moja: hatari iko pale mtoto mmoja anapompisha mwingine. Walihitilafiana na daktari katika sababu. Kuona waliona.

Baada ya vita vikuu vya pili utafiti uliongezwa Mulago. Watoto walitolewa damu mara kwa mara, na vipande vidogo vya ini vikachukuliwa ili vichunguzwe. Akina mama wengine walichukua watoto wao wakatoroka. Hata hivyo tiba ilipatikana: maziwa ya unga yaliyochanganywa kwa kipimo yaliokoa watoto wengi waliokuwa wakingojea kufa. Lakini ushindi huo ulizaa tatizo jipya. Mama aliyemwona mwanawe akiponywa hospitalini, na daktari, kwa unga mweupe uliotoka katika kopo, alikata shauri kwamba maziwa yale ni dawa na obwosi ni ugonjwa wa hospitali. Alirudi nyumbani akapika vile vile kama zamani, ndizi peke yake kwa mtoto. Na baada ya miezi mtoto akarejea Mulago. Wengine walitafuta maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea, wakaacha kunyonyesha, na kwa kukosa maji safi watoto wakaharisha. Hakuna aliyewadanganya mama hawa. Walijifunza sawasawa kile walichoonyeshwa.

Madaktari wa Mulago walipolichunguza jambo hili walitambua kwamba kosa liko katika namna walivyofundisha. Mwaka 1965 wakaanzisha hapo Mulago kituo cha lishe kilichopewa jina la Mwanamugimu. Jina hilo limetoka katika methali ya Kiganda, Mwana mugimu ava ku ngozi, maana yake mtoto mwenye afya hutoka katika engozi, yaani ile mbeleko ambayo mama humbebea. Kwa neno moja kituo kilisema kwamba afya ya mtoto huanzia mgongoni mwa mama, haianzii mkononi mwa daktari.

Mambo yaliyofanywa hapo yalifuata jina. Mama hakuachiwa kukaa nje akingoja. Aliingia pamoja na mtoto, akakaa naye, akapika yeye mwenyewe vyakula vinavyopatikana shambani na sokoni: ndizi zilizochanganywa na maharagwe, karanga, samaki wadogo au mboga, zikapikwa pamoja katika jani la mgomba. Mchanganyiko huo huitwa kitobero. Wala sindano wala kopo havikuwa mbele. Mama alimwona mtoto wake akicheka tena kwa chakula alichokipika kwa mkono wake, katika chungu kama cha nyumbani kwake, na aliporudi kijijini alikuwa shahidi ambaye jirani hawezi kumbishia. Kituo cha Mwanamugimu kingali kikifanya kazi Mulago hata leo.

Tulinganishe basi. Kopo la maziwa lilikuwa kweli ya sayansi, na engozi ilikuwa kweli ile ile ya sayansi. Lakini moja ilimfanya mama kuwa mtazamaji, na ya pili ikamfanya mwenye kutenda. Hiyo ndiyo tofauti kati ya pampu ya lubaale na mrija.

Silimu

Mfano wa nne watu wengi wangali wanaukumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya wavuvi vya Rakai, watu walianza kukonda na kufa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo silimu, kwa sababu ya kukonda kwake. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa Uingereza walipoandika taarifa yao katika jarida la Lancet, waliuita kwa jina hilo hilo la wanakijiji, wakaonyesha uhusiano wake na virusi vilivyokuwa vimegunduliwa Ulaya na Marekani. Kwa mara nyingine jina lilitangulia maabara.

Serikali ilianzisha mpango wa kupambana na ukimwi mwaka 1986. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO ili kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba yeye ni mgonjwa, akazunguka mashuleni na makanisani akieleza, mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Kabla yake ukimwi ulikuwa maradhi ya watu wa mbali. Baada yake ulikuwa na uso na sauti ambayo nchi nzima iliipenda.

Ujumbe uliosikika kuliko wote ulikopwa kwa wafugaji. Mfugaji wa mjini, asiye na malisho, humfunga ng'ombe zizini na kumletea majani, hamwachi kutangatanga. Watu waliambiwa wafanye hivyo katika ndoa zao. Kila mtu alielewa, wengine wakacheka, na kicheko kikafungua mazungumzo ambayo hapo kwanza yalikuwa aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walioambukizwa walikadiriwa kuwa karibu 18 katika kila watu wazima 100; mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa karibu 6. Wataalamu hawakubaliani juu ya sababu zote, na baadhi ya upungufu huo ni hesabu ya makaburi. Lakini wengi wao wakiri kwamba mwenendo wa watu ulibadilika, na kwamba ulibadilika kabla dawa za kupunguza makali hazijafika kwa wananchi wa kawaida.

Fundisho kwa mwalimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: haya yote yamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Mfano wa tano, kutoka nchi ya Kiswahili chenyewe, utajibu. Katika miaka ya 1990 watafiti huko Bagamoyo walitaka kujua kwa nini watoto wenye malaria kali hucheleweshwa kufikishwa hospitali. Waligundua kwamba mtoto aliyeshikwa na mtukutiko hakuhesabiwa na wazazi kuwa na malaria. Alihesabiwa kuwa na degedege, ugonjwa mwingine kabisa, wenye kuhusishwa na ndege au shetani. Na wengi waliamini kwamba mtoto huyo akipigwa sindano atakufa. Matangazo yote ya malaria waliyasikia, wakayaelewa, wala hawakuona kwamba yanamhusu mtoto aliyekuwa akitukutika mikononi mwao. Neno moja ambalo halikuulizwa lilitosha kumzuia mtoto nyumbani.

Kadhalika hapa Buganda neno omusujja, kama homa katika Kiswahili, hukusanya maradhi mengi ya joto la mwili. Mfasiri aandikaye homa mahali pa malaria hakukosea sarufi, lakini amempotosha msomaji. Mtaalamu wa tiba hawezi kuliona kosa hilo. Mwalimu wa lugha aweza, akijizoeza kuuliza.

Haja ya kufanya hivyo ni kubwa sasa. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Hapa Nateete Kiswahili ni lugha ya madereva, ya wachuuzi, na ya wakimbizi waliotoka mashariki ya Kongo. Mwezi wa Septemba 2022 Ebola ilipozuka Mubende, na kabla ya kutangazwa kwisha mwezi wa Januari 2023 ikathibitishwa kwa watu 142 na kuua 55 kati yao, wapo waliodhani hapo mwanzo kwamba ni uchawi. Tangazo katika siku kama hizo haliwezi kungojea kamati iketi na kubuni istilahi. Sharti maneno yawe yamekwisha kuandaliwa na kujaribiwa.

Istilahi tunazo. Tangu mwaka 1990 tuna Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Lakini istilahi ya kamusi ni mbegu ghalani. Haijulikani itaotaje mpaka ipandwe katika masikio ya watu. Maneno yaliyoota vizuri ni yale yaliyokuwa na mizizi. Chanjo limetoka katika kuchanja, desturi ya kale ya kukata ngozi na kutia dawa, hata msikilizaji wa kwanza alijua ni jambo la ngozi na kinga. Malale lajieleza lenyewe. Nalo mrija, neno la kibuyu cha pombe, limeingia katika elimu ya mwili, na leo twasema mirija ya uzazi bila kushtuka.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila mwalimu awatume wanafunzi wake wa madarasa ya juu kuwauliza wazee, wauza dawa na wakunga majina ya maradhi, dalili zake na sababu zinazosadikiwa, katika lugha zote za mtaa, nao wayaandike kwa Kiswahili bila kuyacheka. Hivyo ndivyo nzi wa Katikiro walivyokusanywa, na daftari za wanafunzi zaweza kuwa ramani nyingine. Pili, kabla somo la sayansi au tangazo la afya halijafasiriwa, lisomwe kwa watu watano wasiosoma shule, kisha waombwe kulieleza upya kwa maneno yao. Wanapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha maandishi, si pa kumlaumu msikilizaji.

Kazi hii yaweza kuonekana ndogo mbele ya maabara na hadubini. Lakini katika historia tuliyoieleza, dawa haikupungua kama yalivyopungua maelezo. Watoto wa obwosi walirudi Mulago ingawa maziwa yalikuwapo, na watoto wa degedege walifia nyumbani ingawa hospitali ilikuwapo. Mwenyeji atapona kwa mgeni ikiwa yuko mtu kati yao ajuaye maneno ya pande zote mbili, na mtu huyo, katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, ni mwalimu.